Mwongozo kamili: jinsi ya kupata kazi ya msimu kwenye ranchi ya wageni Marekani

Kila mwaka ikifika mwezi wa tano meseji ni zile zile. Nimeaplai ranchi kibao hamna iliyojibu. Nimeambiwa nafasi zimejaa. Wamenifanyia intavyu vizuri tu halafu kimya mpaka leo. Ukimwuliza mtu alituma lini anakuambia wiki iliyopita, ukimwuliza aliomba kazi gani anakuambia ya farasi, ukimwomba CV uione inakuja kurasa nne, picha ya pasipoti kwenye kona, dini, hali ya ndoa, jina la shule ya msingi, na hakuna mahali alipoandika anaweza kufika lini na ataondoka lini.

Ranchi za wageni, wenyewe wanaziita dude ranch au guest ranch, ziko mbali na mji. Wafanyakazi wanalala hapo hapo, wanakula pamoja, na mtu akiondoka katikati ya mwezi wa nane hakuna wa kuziba pengo lake mpaka msimu uishe. Ndiyo maana meneja akishika maombi yako haanzi kwa kuuliza unajua farasi kiasi gani. Anachotaka kujua ni kama utafika siku uliyosema, kama utaelewana na wenzako bwenini, na kama utakuwepo mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Hatua zote hapa chini ni za kumjibu hayo matatu kabla hajauliza.

Nimeandika zaidi kwa ajili ya walioko Marekani tayari wakiwa na ruhusa ya kazi, iwe ni ndugu zetu Wakongo wa Boise, Missoula na Denver au Wakenya na Watanzania wenye green card. Mlioko nyumbani hatua ya 2 ni yenu, isomeni kabla hamjampa mtu hela.

## Vitu vya kuwa navyo mkononi kabla hujaanza

- Karatasi za kazi halisi, siyo kopi: green card, au kadi ya ruhusa ya kazi, au leseni/kitambulisho cha jimbo pamoja na kadi ya Social Security isiyo na maandishi ya kuzuia kazi.
- CV ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza. Ukurasa mmoja kweli.
- Wadhamini watatu wasio ndugu zako, wenye simu inayopokelewa na imeili wanayoifungua.
- Cheti cha usalama wa chakula. Unasoma mtandaoni, mtihani unafanya siku hiyo hiyo, cha ServSafe kwa wahudumu ni kama dola 15.
- Cheti cha huduma ya kwanza na CPR (kumwokoa mtu ambaye moyo au pumzi imesimama), American Red Cross wanafundisha, kinadumu miaka 2. Kwa kazi za watoto na farasi karibu lazima, kwa nyingine kinakuongezea uzito tu.
- Imeili yenye jina lako. Ile ya kizazi cha kidato cha pili, sijui sweetboy nani, iache kwa marafiki.
- Akiba ya nauli ya kufika na ya kurudi. Ya kurudi usiiguse.

Leseni ya udereva siyo lazima ila inasaidia sana, kwa sababu ranchi nyingi usafiri wa umma haupo kabisa na siku yako ya mapumziko bila gari unaimalizia bwenini.

## Hatua ya 1: Kagua karatasi zako dhidi ya tarehe za msimu

Msimu wa kiangazi kwenye majimbo ya Wyoming, Montana, Colorado na Idaho unaanza mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzoni mwa wa sita, unaisha mwezi wa tisa, pengine wa kumi mwanzoni. Chukua kadi yako uangalie inaisha lini. Kama inaisha mwezi wa saba, hilo ni tatizo la leo, usilisubirishe mwezi wa saba.

Zamani ukishatuma maombi ya kurenew kadi ya kazi wengi walikuwa wanaongezewa muda moja kwa moja huku wanasubiri. Kwa maombi mengi yaliyotumwa kuanzia 30 Oktoba 2025 hiyo nafuu imeondolewa. Mwajiri akiona kadi imekwisha na mpya haijafika anatakiwa akusimamishe, hata kama anakupenda vipi. Renew mapema kadiri sheria inavyokuruhusu.

Siku ukianza kazi utajaza fomu I-9, ile ya kuthibitisha kwamba una ruhusa ya kazi, na una siku 3 za kazi kuonyesha karatasi halisi. Wewe ndiye unayechagua utumie karatasi zipi kwenye orodha iliyoruhusiwa. Mwajiri akikulazimisha lete green card wakati umeshamletea leseni na Social Security nzima, hiyo hairuhusiwi, mwonyeshe orodha kwa upole tu, wengi hawajui.

Onyo kwa wenye viza ya mwanafunzi, F-1: hiyo viza haikupi kazi nje ya chuo bila kibali cha CPT au OPT, yaani vibali vya kazi inayohusiana na masomo yako. Watu wanajidanganya kwamba ranchi iko porini nani atajua, halafu status inaharibika na miaka ya masomo inaenda na maji. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwanza.

Umemaliza hatua hii kama unaweza kuandika sentensi moja bila kusita: nina ruhusa ya kufanya kazi Marekani na inaendelea kuwa halali mpaka tarehe fulani.

## Hatua ya 2: Kama uko nyumbani, njia kuu ni mbili na zote mbili ni nyembamba

Ya kwanza ni viza ya J-1 ya mpango wa kazi na matembezi ya kiangazi. Hii ni ya wanafunzi wa chuo wanaosoma muda wote, umeshamaliza angalau semesta moja, Kiingereza unakiweza, na unaenda wakati wa likizo yenu ndefu kwa muda usiozidi miezi 4. Lazima upitie mdhamini aliyeidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na orodha yao iko wazi kwenye j1visa.state.gov. Kama wakala aliyekufuata hawezi kukutajia mdhamini wake kwa jina ukalikuta kwenye hiyo orodha, ongea naye mambo mengine.

Ada za serikali zinajulikana: dola 35 za SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wenye viza hizi) kwa mpango huu na dola 185 za maombi ya viza. Juu ya hapo kuna ada ya mdhamini, bima na nauli. Piga hesabu yote kabla hujaanza, maana mtu anakopa halafu anafika ranchi anafanya kazi ya kulipa deni mpaka msimu unaisha.

Sasa hapa msome vizuri. Burundi iliwekewa kizuizi cha viza za J tangu Juni 2025, na Tanzania ikaingizwa kwenye tangazo la Desemba 2025 lililoanza kutumika 1 Januari 2026. Mambo haya yanabadilika, kwa hiyo kabla hujalipa hata mia fungua tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini kwako usome hali ya wiki hiyo. Usikubali wakala akuambie ana mtu wa ndani. Hana.

Njia ya pili ni H-2B, viza ya kazi za muda zisizo za kilimo. Hapa huombi wewe, anaomba mwajiri, na nafasi kwa kawaida ni 66,000 kwa mwaka kwa Marekani nzima, kwa hoteli, bustani, samaki, kila kitu. Ranchi chache ndizo zinazojisumbua na makaratasi hayo, na zinazojisumbua mara nyingi zinarudisha watu wale wale wa mwaka jana. Ila kumbuka moja: kwenye H-2B ni marufuku kukutoza wewe hela ya kutafutiwa kazi. Ukiombwa "ada ya nafasi" unaibiwa.

## Hatua ya 3: Omba kazi unayoweza kuipata, siyo ile ya kwenye picha

Picha zote za ranchi zinaonyesha mtu wa farasi, kofia, vumbi, jua linazama. Huyo wanamwita rangla, na ndiyo nafasi inayogombewa kuliko zote, na watoto waliokulia juu ya tandiko huko Montana wanaiomba pia. Lakini ranchi yenye wageni 40 inahitaji mashuka yabadilishwe, chakula kipikwe, vyombo vioshwe, watoto waangaliwe, bustani imwagiliwe na bomba la kebini namba fulani liache kuvuja.

Kwa mtu anayeanza nafasi zinazofunguka kirahisi ni usafi wa vyumba, kuosha vyombo, msaidizi wa jikoni, kuhudumia mezani na matengenezo. Ukishafanya msimu mmoja, unaingia ndani ya nyumba. Meneja anakujua, na mwaka unaofuata ukimwambia nataka kujifunza upande wa farasi anakusikiliza kwa sababu ameshaona unaamka.

Ndugu zangu mliokulia na mifugo, Wamasai, Wabanyamulenge, Wasukuma, msiidharau historia yenu lakini msiipake rangi pia. Kujua ng'ombe ni sifa kubwa: mnasoma mnyama, hamuogopi kukanyagwa, mnaamka kabla ya jua. Iandikeni. Ila kama hujawahi kupanda farasi usiandike umepanda. Siku ya kwanza ranchi inakupandisha farasi mbele ya mkuu wa zizi, na ndani ya dakika mbili atajua, akikuona tu jinsi unavyokaza ule mshipi wa tandiko tumboni mwa farasi. Tandiko lao la Kimagharibi ni zito na lina namna yake ya kufungwa, likilegea mgeni anaanguka nalo pembeni. Kwa hiyo swali la farasi kwao ni swali la usalama, na mtu aliyedanganya hapo haaminiwi tena hata kwenye mashuka.

Dalili ya kwamba umechagua vizuri: nafasi unayoomba una kitu cha kuonyesha, hata kama ni kusafisha nyumba za watu Aurora au kupika kwenye sherehe za jumuiya.

## Hatua ya 4: Tuma mapema mpaka uone kama unachekesha

Hii ndiyo hatua inayoua wengi.

Ranchi nyingi zinaanza kupokea maombi mwezi wa 12 na wa kwanza. Mwezi wa pili na wa tatu wanafanya intavyu. Mwezi wa nne wanaziba mapengo. Ukija mwezi wa tano unaomba pengo la mtu aliyeghairi, na hilo lipo lakini ni bahati.

Kwa hiyo mwezi wa 11 andaa karatasi na CV, krismasi ikipita tuma, mwezi wa pili uwe umeshapiga simu ya kufuatilia. Kama unasoma hii na mwezi wa tano umeshafika, usikate tamaa, una milango miwili. Wa kwanza ni wa mwezi wa nane: wanafunzi wa Kimarekani wanarudi chuo katikati ya mwezi huo na ranchi zinabaki na wageni mpaka wa tisa au wa kumi, mtu anayesema naweza kuja tarehe 10 Agosti nikae mpaka mnafunga anapokelewa kwa mikono miwili. Wa pili ni Arizona. Ranchi za kule Wickenburg na Tucson msimu wao ni wa baridi, kuanzia kama mwezi wa kumi mpaka wa nne au wa tano, maana kiangazi chao ni tanuri. Kuna watu wanazunguka hivyo mwaka mzima, kiangazi Wyoming, baridi Arizona, kodi ya nyumba hawalipi.

## Hatua ya 5: Andika CV upya kabisa

Ile CV ya nyumbani iweke kwenye faili. Marekani ukituma picha, umri, dini, kabila, ndoa na namba ya kitambulisho, humsaidii meneja, unampa wasiwasi, kwa sababu sheria haimruhusu akuchague kwa vitu hivyo na hataki hata kuviona.

Juu kabisa chini ya jina lako na simu weka mistari miwili:

*Nina ruhusa ya kufanya kazi Marekani. Naweza kufika 20 Mei na kubaki mpaka 30 Septemba.*

Hiyo ndiyo CV. Kilichobaki ni ushahidi. Meneja anasoma maombi mengi usiku akiwa amechoka, na akiona tarehe zimekaa sawa na msimu wake anaendelea kusoma, asipoziona anaenda kwa mwingine, hakutumii imeili ya kukuuliza.

Halafu weka kazi mbili tatu za karibuni, na kila moja iseme ulichokuwa unakifanya kwa mikono. Usiandike "nilihusika na masuala ya usafi". Andika nilisafisha vyumba 12 kwa siku kwenye hoteli, nilifua na kukunja mashuka, nilihesabu stoo kila Jumatatu. Namba ziwe za kweli, zitaulizwa.

Lugha ziandike. Kifaransa, Kiswahili, Kihispania kama unacho. Wageni wa Ulaya wapo, na jikoni Kihispania ni dhahabu.

Wadhamini: wapigie kabla, uwaambie kuna Mmarekani atawapigia kweli. Huku wanapiga kweli, siyo mapambo. Kama mdhamini wako yuko Nairobi au Bukavu weka imeili yake, maana meneja wa Wyoming hatakaa kupiga simu ya kimataifa usiku wa manane.

## Hatua ya 6: Wapi pa kutafuta na namna ya kutuma

Anza na Dude Ranchers' Association, chama cha ranchi hizi chenye makao yake Cody, Wyoming. Tovuti yao ina sehemu ya kazi, lakini chenye thamani zaidi ni orodha ya ranchi wanachama, kwa sababu nyingi hazitangazi popote zaidi ya ukurasa wao wenyewe. Colorado nao wana chama chao. Kisha CoolWorks, tovuti ya kazi za msimu ambayo mameneja wa hifadhi na ranchi wanaitumia sana. Ranchi ndogo nyingine utaziona Facebook, huko nenda na tahadhari.

Tengeneza jedwali hata kwenye daftari: jina la ranchi, jimbo, tarehe za msimu, nafasi, siku uliyotuma, aliyejibu. Bila hilo ukipigiwa simu utakuwa unajiumauma hujui unaongea na nani, na wao wanasikia.

Usitume ujumbe mmoja kwa wote. Siyo lazima uandike barua ndefu, sentensi tano zinatosha: jina lako na nafasi, ruhusa ya kazi na tarehe, kazi uliyofanya inayofanana na hiyo, kitu kimoja ulichokiona kwenye tovuti yao kinachohusu kazi na siyo mandhari, na kwamba umeelewa ni mbali na mji, bweni ni la kushirikiana na wiki ina siku sita. Hiyo ya mwisho wengi hawaiandiki na ndiyo inayomtuliza meneja, anajua huyu hatafika akashangaa.

Kama ndani ya siku kumi hujajibiwa, piga simu. Siyo usumbufu. Ranchi nyingi ni za familia, anayepokea simu anaweza kuwa ndiye mwenye ranchi. Piga katikati ya asubuhi yao siku ya kazi, useme umetuma lini, uulize kama kuna kitu kinakosekana. Kimombo chenye lafudhi hakina shida, kumumunya maneno ndiyo shida, kwa hiyo ongea polepole.

Onyo la utapeli: ofa inayokuja WhatsApp bila intavyu ni uongo. Hundi inayokufikia ikiwa na hela nyingi kuliko mlivyokubaliana halafu wanaomba urudishe chenji, ni uongo, hundi itarudi benki na deni litabaki lako. Ranchi halisi ina simu ya ofisini, na hiyo simu uichukue kwenye tovuti yao mwenyewe, siyo kwenye meseji uliyotumiwa.

Uko njiani sawasawa ukianza kupata majibu, hata ya kukataliwa. Ukimya mtupu baada ya ranchi kumi na tano maana yake CV au tarehe zako zina kasoro, rudi hatua ya 5 kabla hujatuma nyingine.

## Hatua ya 7: Intavyu

Itakuwa simu au video, nusu saa hivi. Kwanza saa. Majimbo haya mengi yanatumia saa za milimani, na wakati wa baridi Denver iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa 10: wakikuambia saa nne asubuhi yao, kwako ni saa mbili usiku. Kiangazi tofauti inakuwa saa 9. Andika zote mbili kwenye karatasi.

Maswali ya ujuzi ni mepesi kama kazi umeifanya kweli. Mtu wa usafi ataulizwa: kebini ina vitanda vinne, wageni wametoka saa nne, wapya wanaingia saa tisa, unaanzaje? Jibu kwa mpangilio. Nafungua madirisha. Natoa mashuka na mataulo yote yaende kufuliwa kwanza kwa sababu mashine ndiyo inachelewesha. Napuliza dawa chooni na bafuni niiache ifanye kazi. Narudi natandika, nafuta vumbi kuanzia juu kwenda chini, namalizia bafu, sakafu ya mwisho nikirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Halafu natazama chini ya kitanda, maana soksi ya mgeni aliyetoka ikionwa na mgeni anayeingia, kazi yote uliyofanya imefutika. Ukijibu hivyo hawatakuuliza tena vyeti.

Kuna maswali watu wanayaona ya kupoteza muda kumbe ndiyo yenyewe. Utafanya nini mwenzako wa chumba akiwa anapiga kelele usiku? Uliwahi kupita wakati gani mgumu, na ulifanya nini? Intaneti ni dhaifu na mji uko maili 40, utaishije? Hapa usijibu "mimi sina shida na mtu yeyote". Hakuna anayeamini. Toa mfano: mliishi watu sita kwenye vyumba viwili, mlipangaje zamu za kuoga, nani alikuwa mchafu, mlimwambiaje. Sisi tuliokulia nyumba za watu wengi au shule za bweni tuna utajiri hapo, na kwa ajabu watu wanauficha wakidhani ni aibu ya umaskini.

Wewe pia uliza. Uliza bweni ni watu wangapi kwa chumba. Uliza saa ngapi kwa wiki. Kama wewe ni Muislamu, uliza kuhusu chakula, maana kifungua kinywa cha ranchi ni nyama ya nguruwe asubuhi na mapema na mpishi akijua mapema anakutengea, akijua siku ya tatu inakuwa usumbufu. Mambo ya hijabu na sare, nafasi ya dakika chache za swala, au kanisa Jumapili ambayo mara nyingi ndiyo siku ya kupokea wageni, yaseme hapo hapo kwa utulivu. Sheria ya Marekani inamtaka mwajiri anayefikia idadi fulani ya wafanyakazi akupe nafasi ya mambo ya dini yako kadiri inavyowezekana, ila kubwa kuliko sheria ni kwamba mpangilio wa zamu unafanywa mwezi wa nne na wewe uwemo humo.

Jioni hiyo hiyo tuma imeili fupi ya shukrani na urudie tarehe zako.

## Hatua ya 8: Soma mkataba kabla ya kushangilia

Mishahara inatofautiana sana kwa jimbo. Mwaka 2025 kima cha chini kwa saa kilikuwa dola 14.81 Colorado, 10.55 Montana, na Wyoming wanafuata cha federal, yaani cha serikali kuu, cha dola 7.25. Colorado na Montana wanakipandisha kila Januari. Halafu sheria ya federal ina msamaha kwa biashara za burudani za msimu zisizozidi miezi 7 kwa mwaka, ndiyo maana utakuta ranchi nyingine inakupa kiasi cha mwezi badala ya saa, ingawa sheria ya jimbo inaweza kuwa kali zaidi. Kwa hiyo usilinganishe namba tupu. Linganisha kinachobaki.

Uliza haya na majibu yawe kwa maandishi:

- Chumba na chakula ni bure au vinakatwa, na ni kiasi gani kwa wiki? Na siku ya mapumziko unakula?
- Tipu zinagawanywaje? Wageni wengi wanalipa tipu mwisho wa wiki kama asilimia ya bei yote, inaingia kapu moja, kisha inagawiwa. Uliza kama mwosha vyombo anapata sawa na mhudumu wa mezani.
- Bonasi ya kumaliza msimu ipo? Ukiondoka wiki moja kabla inapotea yote?
- Ukiumia nani analipa? Bima ya wafanyakazi ipo?
- Sheria za pombe na bangi. Colorado na Montana bangi ni halali kwa watu wazima lakini Colorado mwajiri bado anaweza kukupima na kukufukuza. Na kwa asiye raia kuigusa ni hatari kwa karatasi zako za uhamiaji, kwa sababu federal bado hairuhusu.

Pasipoti yako hakai nayo mtu. Mwajiri anaiangalia, anakopi, anarudisha. Akitaka kuiweka yeye "kwa usalama", kataa, na ikifika mahali unazuiwa kuondoka namba ya msaada ya taifa ni 1-888-373-7888, wana wakalimani.

## Hatua ya 9: Kufika na wiki ya kwanza

Uliza kituo kipi wanakuja kupokea watu na siku gani, usinunue tiketi kabla ya jibu. Kwa mfano ranchi za upande wa Granby, Colorado, unaweza kufika kwa treni ya Amtrak kutoka Denver, za kusini mwa Montana wengi wanashukia uwanja wa Bozeman.

Granby iko kama mita 2,400 juu ya bahari, juu kuliko Nairobi kwa mita mia kadhaa. Siku mbili tatu za kwanza kichwa kitauma na ngazi zitakutoa pumzi hata kama una nguvu. Kunywa maji, usibishane na mwili. Mwezi wa sita asubuhi kuna baridi kali na theluji huwa inashuka, kwa hiyo koti zito, soksi za sufu, buti zilizokwisha kuzoea mguu wako. Buti mpya siku ya kwanza ni malengelenge wiki nzima.

Mizigo iwe midogo, chumba ni cha kushirikiana. Leta taa ya kichwani, vizibo vya masikio, chaja ndefu, na pilipili yako, chakula chao kingi kizuri lakini kimepoa mdomoni.

Wiki ya kwanza ni mafunzo na wageni hawajafika. Hapa meneja anatazama watu wawili: anayechelewa na anayejificha kazi ikiisha. Siku ya kubadilisha wageni kila mtu anaitwa, hata mtu wa farasi anabeba mashuka, ukimaliza kebini zako uliza nani bado.

Ikifika mwezi wa nane, mfuate meneja kabla hajachoka na kufunga msimu, mwambie unataka kurudi mwakani na nafasi unayoitaka, na kama unataka baridi ufanye Arizona mwombe akupigie simu kwa anaowafahamu huko. Mameneja wa ranchi wanajuana, na nafasi inayotolewa kwa simu ya namna hiyo hutaiona ikitangazwa popote.